Magus of the Moon akivuliwa uwezo na Humility, ardhi zinarudi? Uzi wa kadi zinazogongana kwenye Magic

#1 Kinamasi (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kuna swali limezunguka kwenye kundi letu la wacheza Magic: The Gathering na limeleta mabishano makali, nikaona nililete hapa tulijadili kwa nafasi. Hali yenyewe ni hii. Mchezaji mmoja ana Magus of the Moon mezani, yule kiumbe wa 2/2 (nguvu 2, uhimili 2) ambaye kadi yake inasema ardhi zote zisizo za msingi ni Milima. Ardhi ndizo kadi zinazotoa mana ya kulipia kadi nyingine, na Mlima ni ardhi ya msingi inayotoa mana nyekundu tu. Mwenzake deki yake inategemea ardhi za rangi mbili mbili, kwa hiyo amebanwa hana pa kupumulia. Anaweka Humility: viumbe wote wanapoteza uwezo wote na wanakuwa 1/1. Magus ni kiumbe. Kapoteza uwezo. Je, ardhi zinarudi kama zilivyokuwa?

Hazirudi. Magus anakuwa 1/1 asiye na uwezo wowote, na ardhi zote zisizo za msingi zinaendelea kuwa Milima.

Najua wengi mtasema hili haliingii akilini, na ndiyo sababu nimefungua uzi. Naona tunabishana vibaya. Mmoja anasema "haiwezekani", mwingine anasema kadi yake ndiyo yenye nguvu zaidi, wa tatu anasema waliotunga mchezo hawakukusudia hivyo. Katika wote hao hakuna aliyefungua kitabu cha sheria. Kitabu kipo, kina kurasa zaidi ya 200, na karibu kila kitu tunachokiita utata kimeshajibiwa humo. Kinachotushinda ni kujua tuanze na swali gani.

Kwa wageni, kwa ufupi: Magic ilitoka Marekani mwaka 1993, mbunifu wake ni Richard Garfield na wachapishaji ni Wizards of the Coast. Kila kadi imebeba sheria yake ndogo, na kadi ziko maelfu. Kwenye kadi zetu za mtaani mnaweza kukubaliana kabla ya kugawa kama 2 inajibiwa kwa 2 au unaokota tu. Hapa huwezi kukaa na mwenzako mkakubaliana kuhusu kila jozi ya kadi iliyopo duniani. Ikabidi sheria ziandikwe kwa namna ya kujibu hata jozi ambazo hakuna aliyewahi kuziwaza.

Sheria mbili za mwanzo kabisa ndizo zinazomaliza mabishano mengi ya wanaoanza. Ya 101.1 inasema maandishi ya kadi yakipingana na kitabu, kadi inashinda. Ya 101.2 inasema athari moja ikiruhusu jambo na nyingine ikilikataza, katazo linashinda. Haiangaliwi ipi ilitangulia wala ipi ni ghali. Ukiona "hawezi", basi hawezi.

Ila maandishi ya kadi ni yapi? Si lazima yawe yale unayoyaona kwenye karatasi uliyoshika. Maandishi rasmi yanaitwa Oracle, yanapatikana kwenye hazina ya Wizards iitwayo Gatherer, na hayo ndiyo yanayohesabika. Chukua Counterspell ya mwaka 1993: imeandikwa kuwa ni aina ya kadi ambayo haipo tena tangu mwaka 1999. Leo hiyo ni kadi ya papo hapo, yaani ya kupigwa hata kwenye zamu ya mwenzako, kama nyingine zote za aina yake. Mtu akikuletea kadi ya zamani na kuanza kukusomea neno kwa neno, mwambie afungue Oracle kwanza.

Sasa tuje kwa Magus. Sheria namba 613 inasema athari za kudumu hazisomwi zote kwa mkupuo. Zinapita kwenye matabaka saba, na kila hali ya meza inapohesabiwa unaanza tena kutoka la kwanza. La kwanza ni la nakala, kadi inapokuwa nakala ya kadi nyingine. La pili ni la nani anaitawala kadi. La tatu ni la kubadili maandishi. La nne ni la aina: hiki ni kiumbe, hii ni ardhi, ardhi hii ni Mlima. La tano ni rangi. La sita ni uwezo, kuongezwa au kuondolewa. La saba ni nguvu na uhimili.

Mpitishe Magus humo taratibu. Tukifika tabaka la nne, Magus bado ana uwezo wake, hakuna kilichomgusa. Ardhi zinageuka Milima. Tukifika tabaka la sita, Humility inamvua uwezo. Lakini tabaka la nne limeshapita, na halirudiwi. Tabaka la saba, Magus anakuwa 1/1. Hesabu imekwisha, na mwenye Humility bado ana Milima mbele yake.

Tabaka la saba nalo lina ngazi zake, na humo ndimo watu wanapokosea kila siku. Kwanza zinasomwa kadi ambazo nguvu yake inajihesabu yenyewe, kisha athari zinazoweka namba mpya ya msingi, kisha nyongeza na punguzo pamoja na alama za +1/+1, mwisho kabisa kupindua nguvu na uhimili. Grizzly Bears ni 2/2. Ana alama moja ya +1/+1, halafu Humility inaingia. Utasikia mtu anasema "sasa ni 1/1, alama imefutika." Hapana. Humility inaweka msingi 1/1, alama inajumlishwa juu yake, anakuwa 2/2. Mwongezee Giant Growth ya +3/+3, ni 5/5 mpaka zamu iishe. Hata ungeanza na Giant Growth ndipo Humility ije, jibu ni lilelile.

Karibuni tujadili. Mwenye kesi yake aiweke, ila tafadhali aandike kadi zenyewe kwa majina na zamu ni ya nani. "Kadi yangu inayoua dhidi ya kadi yake inayokinga" hatuwezi kuijibu.

---

#2 Deki60

Mkuu Kinamasi, nimekusoma mpaka mwisho na bado nina shaka. Kuna jozi maarufu kuliko hiyo: Blood Moon na Urborg, Tomb of Yawgmoth. Blood Moon inasema kitu kilekile anachosema Magus. Urborg ni ardhi isiyo ya msingi inayosema kila ardhi ni Kinamasi pia (aina nyingine ya ardhi ya msingi), juu ya aina zake nyingine. Mezani tunaambiwa Urborg inazimwa kabisa, hakuna Kinamasi cha ziada kwa mtu yeyote. Sasa kwa nini Urborg ikipoteza uwezo athari yake inakufa, ila Magus akipoteza uwezo athari yake inaishi? Naona ni jambo moja lenye majibu mawili.

---

#3 Kinamasi

Mkuu Deki60, hili ni swali zuri kuliko uzi wangu, ngoja nilijibu kwa kirefu.

Tofauti ni kwamba Magus na Humility wako kwenye matabaka tofauti, wakati Blood Moon na Urborg ziko tabaka moja, la nne, zote zikibadili aina ya ardhi. Athari mbili zikiwa kwenye tabaka moja, kwa kawaida tunafuata muda: iliyoingia mezani mapema inasomwa kwanza. Lakini kabla ya kuangalia muda kuna swali la utegemezi. Unajiuliza: nikiisoma athari A kwanza, je, itabadilisha kama athari B ipo, itagusa nini, au itakigusaje? Kama ndiyo, B inategemea A, na A inasomwa kwanza hata kama iliingia mezani jana na B ilikuwapo tangu juzi.

Jaribu. Nikisoma Blood Moon kwanza, Urborg inageuka Mlima. Na sheria ya 305.7 inasema ardhi ikiwekewa aina ya msingi kwa namna hiyo, inapoteza uwezo wote uliotokana na maandishi yake na kupewa ule wa kutoa mana ya aina mpya. Hilo linatokea palepale, ndani ya tabaka la nne, halisubiri la sita. Kwa hiyo athari ya Urborg inatoweka kabla haijasomwa. Sasa geuza. Nikisoma Urborg kwanza, ardhi zote zinakuwa Vinamasi juu ya aina zao. Je, hilo linabadilisha Blood Moon kwa lolote? Halibadilishi. Ardhi zisizo za msingi ni zilezile. Kwa hiyo Urborg inategemea Blood Moon, Blood Moon haitegemei Urborg, na Blood Moon inasomwa kwanza siku zote.

Kumbuka pia Urborg haipotezi kila kitu. Jina lake linabaki, na hadhi yake ya kuwa ya kipekee inabaki. Ukiwa na Urborg mbili chini ya Blood Moon, zote mbili Milima mitupu, bado unalazimika kubaki na moja.

Na zikitokea athari mbili zinazotegemeana kwa kuzunguka, hii inategemea ile na ile inategemea hii? Utegemezi unawekwa kando, mnarudi kwenye muda.

---

#4 Mlima Mwekundu

Nimeelewa hapo kwenye matabaka, ila naomba mnisaidie na hili. Mwenzangu ana Platinum Angel, ile kadi inayosema huwezi kushindwa na wapinzani wako hawawezi kushinda. Uhai wake uko chini ya sifuri na anaendelea kucheza. Nikiweka Humility, je, naye anakuwa kama Magus, athari yake inabaki?

---

#5 Kinamasi

Haibaki. Mwenzako anashindwa papo hapo.

Matabaka yanashughulikia sifa za kadi: aina yake, rangi yake, uwezo wake, nguvu yake. "Huwezi kushindwa" si sifa ya kadi yoyote, ni kanuni juu ya mchezo wenyewe. Athari za namna hiyo zinatazamwa baada ya matabaka yote saba kwisha. Ukifika huko malaika ameshavuliwa uwezo kwenye tabaka la sita, kwa hiyo hakuna kinachomkinga mwenye kadi.

Halafu kinachomwondoa si Humility. Kila mara kabla ya mchezaji kupewa nafasi ya kutenda, mchezo unajikagua wenyewe: mwenye uhai 0 au chini kashindwa, kiumbe mwenye uhimili 0 anakwenda makaburini, na kadhalika. Ukaguzi huo hauingii kwenye rundo, pale kadi na athari zinaposubiri zamu yao ya kutokea, na hakuna wa kuujibu. Ndiyo maana hata kiumbe asiyeharibika anakufa ukimshusha uhimili mpaka 0. Hakuharibiwa. Kaondolewa na ukaguzi, na ukaguzi wa uhimili 0 haujali kama anaharibika au la. Vilevile asiyelengwa anaondoka kwa Diabolic Edict, kwa sababu kadi hiyo inamlenga mchezaji, na mchezaji ndiye anayechagua kiumbe wa kutoa kafara.

---

#6 Bandarini

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni wa Yu-Gi-Oh!, mchezo mwingine wa kadi, na nimefurahia hii mada sana, maana huku kwetu shida ni hiyohiyo ila imevaa nguo nyingine.

Kuna kitu kinaitwa kukosa wakati. Chukua Peten the Dark Clown. Kadi yake inasema pale inapopelekwa makaburini, unaweza kuiondoa kwenye mchezo na kumwita Peten mwingine. Sasa mimi namtoa Peten kafara ili nimwite jini mkubwa. Peten ameingia makaburini, si ndiyo? Na bado siwezi kutumia uwezo wake. Sababu ni kwamba kadi ya hiari inayosema "pale inapo..." inadai tukio lake liwe la mwisho kutokea. Hapa la mwisho ni jini kuitwa, Peten kufa lilishapita. Kadi ingesema "ikiwa imepelekwa makaburini, unaweza", haingekuwa na hilo sharti. Na ingekuwa ni ya lazima, si ya hiari, haingekosa wakati kamwe.

Zamani ilikuwa vurugu tupu kwa sababu maandishi ya kadi hayakuwa na utaratibu. Mwaka 2011 Konami, wachapishaji wake, wakabadilisha uandishi wa kadi za soko la nje ya Asia. Kilicho kabla ya nukta mbili ni sharti la kuiwasha. Kilicho kati ya nukta mbili na nukta mkato ni gharama au shabaha, unafanya palepale unapoiwasha. Kilicho baada ya nukta mkato ni kile kinachotokea mnyororo (foleni ya kadi zinazojibizana) ukifika kwake. Mtu akizima athari yako, ile gharama umeshalipa, hairudi. Siku hizi mzozo mwingi kwenye meza zetu unaisha kwa kuangalia alama za uandishi tu.

Kitu kimoja cha kuchunga: uamuzi wa Japani na wa huku nje wakati mwingine haufanani kwa kadi ileile. Ukitafuta jibu mtandaoni hakikisha ni la upande unaocheza.

---

#7 Deki60

Bandarini ahsante. Kinamasi, hoja ya Blood Moon nimeikubali kimantiki. Lakini niseme kinachonikera. Mchezo ukishafika mahali kiumbe hana uwezo na bado uwezo wake unafanya kazi, mchezaji wa kawaida ameachwa nyuma. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba unaweza kupanga meza ya Magic ambamo hakuna kompyuta inayoweza kukokotoa nani atashinda. Sasa tunajisifia nini hapo? Mimi naona refa angepewa ruhusa ya kuangalia kadi zilikusudia nini, tungecheza kwa amani.

---

#8 Kinamasi

Mkuu, nakuelewa, ila hapo nakupinga kabisa.

Kwanza huo utafiti. Ukiusoma, meza waliyoipanga ni ya kadi halali na karibu kila hatua humo ni ya lazima, wachezaji hawana cha kuchagua. Kisichokokotoleka ni mwisho wake. Lakini ukisimama popote katikati na kuuliza "hatua inayofuata ni ipi?", kuna jibu moja. Hiyo ndiyo kazi ya sheria. Kutabiri mshindi si kazi yake.

Pili, nia. Nani ataisema? Humility ilitoka mwaka 1997. Magus of the Moon alitoka mwaka 2007. Aliyeandika ya kwanza hakuwa na Magus akilini. Refa wa Nairobi ataikisia nia hiyo kwa namna yake na refa wa London kwa namna yake, na wewe uliyejenga deki yako kwa wiki nzima hujui utakutana na yupi. Mpangilio wa matabaka una ubaya wake, unatoa majibu yanayoshangaza, lakini unatoa jibu lilelile kwa tajiri na maskini, kwa mgeni na bingwa. Mtu aliyesoma anaweza kusimama mbele ya mchezaji mkubwa yeyote na kushinda hoja. Mimi hilo nalithamini kuliko jibu linalopendeza.

Na kama unataka kuona matabaka yakisukumwa mpaka mwisho, tazama Humility pamoja na Opalescence. Opalescence inasema kila kadi nyingine ya uchawi wa kudumu ambayo haijabandikwa kwenye kitu ni kiumbe pia, na msingi wa nguvu na uhimili wake ni sawa na gharama yake ya mana. Humility inagharimu 4. Kwa hiyo Humility inageuka kiumbe, na Humility inawavua viumbe uwezo. Inajivua yenyewe!

Twende taratibu. Tabaka la nne: Opalescence inaifanya Humility kiumbe. Opalescence yenyewe si kiumbe, maana imesema "nyingine". Tabaka la sita: Humility inawavua viumbe wote uwezo, na yenyewe ikiwemo. Hapa ndipo watu wanaposema basi, imejizima, viumbe wengine wamepona. Sheria ya 613.6 inakataa. Athari ikishaanza kusomwa kwenye tabaka moja, inaendelea kwenye matabaka yake yaliyobaki na kwa kadi zilezile, hata kama uwezo ulioizaa umeondolewa njiani. Kwa hiyo tabaka la saba, Humility bado inawafanya viumbe 1/1.

Kwa viumbe wa kawaida hakuna swali, ni 1/1 bila uwezo. Swali ni Humility yenyewe: Opalescence inataka iwe 4/4, yenyewe inataka iwe 1/1, zote ziko ngazi moja ya tabaka la saba na hakuna inayomtegemea mwenzake. Hapo ndipo muda unapoamua. Kama Opalescence iliingia mwisho, Humility ni 4/4. Kama Humility iliingia mwisho, ni 1/1. Kwa hiyo ukikuta meza ya namna hiyo, uliza kwanza ni kadi ipi iliyotangulia, kabla hujauliza kingine chochote.

---

#9 Binti wa Tanga

Kaka Kinamasi, pole na kazi ya kujibu. Mimi naleta kesi ya juzi, wote wawili tulibaki na uhai 1. Kila mmoja ana Blood Artist wake mezani na hakuna kiumbe mwingine. Kadi hiyo inasema yeye au kiumbe mwingine akifa, mchezaji unayemlenga anapoteza uhai 1 na wewe unapata 1. Zamu ilikuwa yangu, nikapiga Wrath of God, viumbe wote wakaharibiwa. Mpinzani akasema kashinda yeye. Mimi nasema kadi ni yangu, zamu ni yangu, kwa nini athari zangu zisitangulie?

---

#10 Kinamasi

Dada yangu, zamu kuwa yako ndiko kulikokuponza.

Blood Artist wote wawili wamekufa kwa wakati mmoja, na kila mmoja ameona vifo viwili: chake na cha mwenzake. Kwa hiyo kuna athari nne zinazongoja kuingia kwenye rundo, mbili zako na mbili zake. Sheria ya 101.4 inasema mwenye zamu anaweka zake kwanza, kisha asiye na zamu. Rundo linatatuliwa kutoka juu, la mwisho kuwekwa ndilo la kwanza kutokea. Zako ziko chini, zake ziko juu. Ya kwanza yake inatokea: unapoteza uhai 1, unabaki na 0, ukaguzi unapita, umeshindwa. Zako hazijaguswa.

Hali ileile ikitokea kwenye zamu yake, wewe ndiye ungeshinda. Kadi ya papo hapo ya kuua kiumbe mmoja, ukiipiga kwenye zamu yake huku kila mtu akiwa na Blood Artist, inakupa faida hiyohiyo. Wachezaji wazuri wanasubiri zamu ya mwenzao kwa sababu hii hasa.

Kitu kingine kwa wote. Mkikwama kwenye mashindano, simamisheni mchezo, msiguse kadi, mwiteni refa. Msiache mchezaji wa meza ya jirani akaamua kwa sababu ana sauti kubwa. Hukuridhika na jibu la refa, una haki ya kukata rufaa kwa refa mkuu kwa heshima, na la refa mkuu ndilo la mwisho. Tukicheza kwenye simu hatuuoni ugumu huu kwa sababu programu inaamua yenyewe. Siku ukikaa na kadi za karatasi ndipo unagundua ulikuwa unajua matokeo bila kujua sababu.

Na mkitafuta majibu mtandaoni angalieni tarehe. Mogg Fanatic ni mfano mzuri. Ni 1/1 unayeweza kumtoa kafara apige 1 popote. Kabla ya mwaka 2009 pigo la mapambano lilikuwa linaingia kwenye rundo, kwa hiyo alimzuia Grizzly Bears anayeshambulia, pigo lake la 1 likawekwa kwenye rundo, ndipo anatolewa kafara na kupiga 1 nyingine, dubu anakufa. Mwaka 2009 sheria ikabadilika, pigo la mapambano linatua moja kwa moja. Sasa unachagua: pigo la mapambano au kafara. Kilichobadilika hapo ni sheria, si kadi, na jibu la mwaka 2005 ni makosa leo.

---

#11 Mlima Mwekundu

Swali la haraka. Mezani kuna Furnace of Rath inayozidisha kila pigo mara mbili. Mimi nina Urza's Armor inayonipunguzia 1 kwa kila pigo. Napigwa Lightning Bolt ya 3. Ni 5 au 4?

---

#12 Kinamasi

Ni 4 kama unajua haki yako. Athari mbili zinazobadilisha tukio kabla halijatokea, mpangilio unachaguliwa na anayeguswa na tukio, hapa ni wewe unayepigwa. Sheria ya 616.1. Ukipunguza kwanza: 3 inakuwa 2, ikizidishwa ni 4. Ukiacha ikuzwe kwanza: 6, ukitoa 1 ni 5. Haijalishi Furnace ni ya nani. Ukikaa kimya mwenzako atakuhesabia 5.

Haki hiyohiyo inafanya kazi kwa faida. Una Hardened Scales inayoongeza alama moja na Doubling Season inayozidisha alama mara mbili, kiumbe wako anapata alama moja ya +1/+1: ongeza kwanza ndipo uzidishe, utapata 4. Ukianza kuzidisha utapata 3.

---

#13 Deki60

Sawa mkuu. Ya mwisho kutoka kwangu, halafu nakuacha upumzike. Oblivion Ring tatu. Ile inayosema ikiingia, ondoa kitu kingine kisicho ardhi, na yenyewe ikiondoka, kile kitu kinarudi. Mezani hakuna kitu kingine kisicho ardhi zaidi ya hizo tatu.

---

#14 Kinamasi

Ya kwanza imeingia, haina cha kulenga. Ya pili inaingia, inalazimika kuiondoa ya kwanza. Ya tatu inaingia, inaiondoa ya pili, kwa hiyo ya kwanza inarudi. Ya kwanza kwa kurudi inalazimika kulenga, iliyopo ni ya tatu tu, inaiondoa. Ya pili inarudi, inaiondoa ya kwanza. Ya tatu inarudi, inaiondoa ya pili. Na kuendelea.

Hakuna neno "unaweza" popote humo, kila hatua ni ya lazima. Mzunguko wa lazima usio na wa kuukata unamaliza mchezo kwa sare, sheria ya 104.4b. Mwenye kadi ya papo hapo ya kuharibu Ring moja anaruhusiwa kuipiga katikati, ila halazimishwi. Na kikiwepo kitu kingine chochote kisicho ardhi, chako au cha mpinzani, mwenye Ring anaweza kukilenga hicho na mzunguko ukakatika. Kwa hiyo kabla hujaiweka ya tatu, tazama meza nzima, upande wako na wa mwenzako.